Chipu ya dawa chini ya fizi: inayeyuka kweli, na mabaki yake yanakwenda wapi?

SWALI

Daktari, salaam.

Mimi ni mama wa miaka 54, naishi Busia upande wa Uganda, nauza mukene (dagaa) sokoni. Nina kisukari na natumia vidonge kila siku. Kwa muda mrefu fizi zangu zimekuwa zikitoka damu nikipiga mswaki, na mwaka huu magego mawili ya kulia yakaanza kucheza. Nikaenda kliniki moja ya meno Jinja. Daktari akapima fizi kwa kichuma chembamba chenye alama, akasema nina mifuko mitatu, yaani nafasi ufizi ulipoachana na jino: miwili ya milimita 6 na mmoja wa milimita 7. Akanichoma ganzi, akakwangua ugaga mpaka chini, upande mmoja wiki ya kwanza na upande wa pili wiki iliyofuata. Mwisho akaweka chipu ya dawa kwenye kila mfuko, akaniambia sina haja ya kurudi kutolewa kwa sababu zinayeyuka zenyewe.

Usiku wa kwanza paliniuma sana, asubuhi pakatulia. Siku ya nne, nasukutua baada ya kula, nikatema kitu chembamba, laini, cha rangi ya chungwa iliyoelekea kahawia, kidogo kuliko punje ya hindi. Nikapiga simu kliniki, mpokezi akasema nirudi niwekewe nyingine, na nilipie upya. Leo ni siku ya sita. Chipu mbili zilizobaki sizioni wala sizisikii, na pale ilipotoka ile moja ufizi umevimba kidogo.

Jirani yangu ananitia hofu. Anasema hiyo ni plastiki, haiyeyuki kitu, inaingia mwilini na baada ya miaka inaleta saratani. Mwanangu naye amesoma kwenye simu kwamba zinatengenezwa kwa jelatini, na sisi ni Waislamu. Halafu kwenye kadi yangu daktari ameandika kwamba nikirudi baada ya miezi 3 huenda akatumia dawa ya unga badala ya chipu. Je, hiyo nayo inayeyuka? Ni salama kuliko hii? Na hiyo chipu iliyotoka, nirudi nilipe nyingine?

Mama Hamza, Busia

JIBU

Mama Hamza, pole. Tuanze na ufizi uliovimba, kwa sababu hilo ndilo haliwezi kungoja. Plastiki na jelatini tutazifikia.

Nawa mikono, kisha ubonyeze ufizi huo taratibu kwa kidole, ukitokea upande wa mzizi kuelekea ncha ya jino. Ukiona usaha, au jino likawa kama limeinuka na linagusa kabla ya mengine unapouma, au pakawa panapwita, hilo ni jipu la fizi. Nenda kwa daktari leo au kesho, usingoje tarehe ya kadi. Uso ukivimba, ukipata homa, mdomo ukashindwa kufunguka vizuri au kumeza kukawa shida, hiyo ni safari ya hospitali siku hiyo hiyo, hata kama ni usiku. Kwa mtu mwenye kisukari usaha hauna subira: maambukizi hupandisha sukari, na sukari ikipanda mwili hushindwa kuyazuia maambukizi. Kama una mashine ya kupimia nyumbani, pima kila asubuhi mpaka uvimbe uishe.

Kama hakuna usaha, na uvimbe ni mdogo, unauma ukiguswa tu, basi mara nyingi ni ufizi uliochokozwa unaopona. Sukutua kwa maji vuguvugu yenye chumvi, nusu kijiko cha chai kwa glasi moja, mara mbili au tatu kwa siku. Usichokoe kwa kijiti. Ndani ya siku chache uvimbe unapaswa kuwa umepungua kwa kuonekana, usipopungua, rudi.

Ziko pia dalili za mzio: vipele vya kuwasha mwilini, midomo au macho kuvimba, kifua kubana. Dawa iliyo ndani ya chipu yako, klorheksidini, ndiyo hiyo hiyo inayotumika kwenye dawa za kusukutua na za kusafishia ngozi kabla ya upasuaji, na kuna watu wachache ambao miili yao huikataa kwa ukali. Kwa kawaida mzio wa namna hiyo hujitokeza mapema, dakika au saa chache baada ya kuwekewa, kwa hiyo wewe wa siku ya sita umeshavuka kipindi chake cha hatari zaidi. Hata hivyo, kama umewahi kuwashwa au kuvimba baada ya kusukutua dawa ya dukani au kupakwa dawa ya ngozi hospitali, mwambie daktari kabla hajakuwekea nyingine.

Jipu likitokea baada ya kusafishwa fizi, watu wengi huilaumu chipu. Mara nyingi chanzo ni ugaga uliobaki chini ya mfuko. Fizi zikisafishwa, mdomo wa mfuko hukaza na kufunga kwa sababu uvimbe wa juu umepungua. Kama chini bado pana ugaga na vijidudu, usaha hukosa pa kutokea. Chipu haiyeyushi ugaga. Inaua vijidudu vilivyo kwenye majimaji na kwenye utando mwembamba, lakini ugaga ni mgumu kama jiwe, na ni mkono wa daktari tu unaoweza kuutoa. Ndiyo maana chipu haipaswi kuwekwa kwenye mfuko wenye jipu bichi. Kwanza usaha utolewe na mzizi usafishwe.

Sasa tuje kwenye hiyo chipu yenyewe. Kwa jinsi ulivyoieleza, rangi yake na hiyo habari ya jelatini, ni chipu ya klorheksidini inayojulikana kwa jina PerioChip, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1998. Ni kipande bapa chenye urefu wa milimita 5, upana wa milimita 4 na unene wa milimita 0.35, kimeviringwa upande mmoja ili kiteleze ndani bila kuchana ufizi. Kizima kizima kina uzito wa miligramu 7.4, na kati ya hizo dawa ni miligramu 2.5. Kwa urefu huo utaelewa kwa nini huwekwa tu kwenye mfuko wa milimita 5 au zaidi: mfuko ukiwa mfupi, kinachungulia nje na ulimi unakichomoa.

Inayeyuka kweli, ila haiyeyuki kama sukari kwenye chai. Jelatini ya kawaida ingelainika na kutoweka kwenye joto la mdomo ndani ya saa chache. Hii imefungwa nyuzi zake kwa kemikali iitwayo glutaraldehidi, ili ikae siku kadhaa. Majimaji ya fizi huingia, jelatini inavimba, na dawa iliyo karibu na nje hutoka haraka: karibu asilimia 40 ya dawa yote hutoka katika saa 24 za kwanza. Iliyobaki hutoka kidogo kidogo kwa siku 7 hadi 10, kadiri jelatini inavyokatwakatwa. Wakataji ni vimeng'enya vya mwili wako mwenyewe. Chembe nyeupe za damu zinazojazana kwenye ufizi mgonjwa hutoa vimeng'enya vinavyovunja protini, na jelatini ni protini. Kwa hiyo kwenye mfuko uliowaka sana chipu huisha mapema, na kwenye mfuko uliotulia hukawia zaidi.

Kinachobaki baada ya jelatini kukatwa ni vipande vidogo vya protini na asidi amino, vitu vile vile mwili unavyovipata ukila nyama. Na sehemu kubwa haipiti hata kwenye damu. Majimaji ya ndani ya mfuko hutoka wakati wote kuelekea mdomoni. Katika mfuko wa milimita 5 imekadiriwa hubadilishwa kama mara 40 kwa saa. Mabaki husombwa, yakamezwa na mate, yakaishia tumboni. Wagonjwa waliowekewa chipu 4 kwa mpigo walipopimwa, klorheksidini haikuonekana katika damu yao wala mkojo. Kasi hiyo hiyo ya majimaji ndiyo sababu ya chipu kuwepo: dawa ya kusukutua haifiki chini ya mfuko wa milimita 6, na hata ingefika ingesombwa ndani ya dakika. Kinachohitajika ni kitu kinachokaa chini na kuendelea kutoa dawa.

Maumivu ya usiku wa kwanza nayo yanaeleweka. Chipu inapovimba hubana kuta za mfuko, na dawa nyingi hutoka katika saa hizo hizo. Maumivu madogo au ya wastani yanayokwisha ndani ya siku moja au mbili hayana neno. Yakiongezeka siku ya tatu badala ya kupungua, hapo ndipo pa kupiga simu.

Kuhusu ile iliyotoka siku ya nne, maelekezo ya chipu hii ni wazi, na mpokezi wa kliniki hakuyafuata. Ikitoka ndani ya saa 48, huwekwa nyingine. Ikitoka baada ya saa 48, haibadilishwi. Mgonjwa hungoja mpaka apimwe tena baada ya miezi 3, na kama mfuko bado ni milimita 5 au zaidi, ndipo huwekewa nyingine. Ikitoka siku ya saba au baadaye, huhesabiwa kuwa amemaliza dozi. Wewe ulikuwa siku ya nne, na sehemu kubwa ya dawa ilikuwa imeshatoka. Usirudi kulipia nyingine sasa. Kwa uzito huo huo, usikose miadi ya miezi 3.

Kwa nini ilitoka? Sababu ziko chache. Huenda ufizi haukukaushwa vizuri kabla ya kuiweka: chipu ikiloa kabla haijazama hulainika na kujikunja, haifiki chini. Huenda haikusukumwa mpaka mwisho wa mfuko. Huenda uzi wa meno au kijiti kilipita pale. Kwa siku 10 uzi wa meno haupitishwi sehemu yenye chipu, ingawa mswaki wa kawaida unaendelea. Na kwa mtu anayekula mukene mkavu wa kukaanga, vijifupa vyake huchomeka kwenye ufizi kirahisi sana. Hizo mbili usizozisikia ndivyo zinavyopaswa kuwa. Siku ya sita zimeshakuwa laini kama ufizi wenyewe, usizitafute kwa ncha ya ulimi.

Neno plastiki la jirani yako haliihusu hii ya jelatini hata kidogo. Lakini linagusa ile dawa ya unga, kwa hiyo tulitazame kwa uzito wake.

Dawa ya unga iliyoandikwa kwenye kadi yako, kwa kawaida, ni chembe ndogo sana za mviringo zenye antibayotiki iitwayo minosaiklini. Inayojulikana zaidi ni Arestin, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2001. Dozi moja ya mfuko mmoja ina miligramu 1 ya minosaiklini. Daktari huingiza ncha ya kifaa chake ndani ya mfuko na kusukuma unga, kwa kawaida bila ganzi, na unga hushika pale unapokutana na unyevu. Ganda la chembe hizo ni polima, mnyororo mrefu uliounganishwa kwa asidi laktiki na asidi glikoliki. Kwa maana ya maabara, ndiyo, polima ni ndugu ya plastiki. Tofauti ni kwamba viungo vya mnyororo huu hukatwa na maji matupu, bila kuhitaji kimeng'enya. Kila maji yanapokata kiungo, mnyororo unafupika, mpaka zinabaki asidi zenyewe. Asidi laktiki ni ile ile misuli yako huitengeneza ukibeba gunia. Mwili huzichoma zote mbili kwa njia zake za kawaida, na mwisho wake ni hewa ya kaboni unayoipumua nje na maji.

Muda wake unategemea mchanganyiko. Asidi glikoliki huvuta maji zaidi, kwa hiyo polima yenye nusu kwa nusu huvunjika kwa mwezi 1 hadi 2. Yenye robo tatu ya laktiki huchukua miezi 4 hadi 5. Ya laktiki ya kawaida peke yake inaweza kufika mwaka na zaidi. Kwenye mfuko wa fizi, hata hivyo, chembe hazipewi muda wote huo. Nyingi husombwa kabla hazijamalizika. Dawa yenyewe hudumu kwenye mfuko kama siku 14, na ganda linaweza kubaki baada ya dawa kwisha. Hilo halina madhara, ila ujue kwamba siku ya ishirini huna tena dawa pale, una ganda tu.

Pia kuna aina ya tatu, gel ya doksisaiklini, Atridox, ambayo huingia ikiwa majimaji mazito na kuganda inapokutana na maji ya fizi. Polima yake ni laktiki peke yake, iliyoyeyushwa katika kiyeyushi kinachotoka nje inapoganda. Hii ndiyo huacha vijipande vigumu vya rangi ya njano ambavyo wagonjwa huvitema baada ya siku kadhaa wakidhani ni jino lililovunjika. Ukipewa hiyo siku moja, usipige mswaki sehemu ile kwa siku 7.

Je, polima hizi zina hatari? Hatari yake ya kweli ni asidi kukusanyika. Kipande kikubwa cha polima hii hakimomonyoki kama sabuni, kutoka nje kwenda ndani. Maji huingia kote, na asidi inayozaliwa katikati hukosa pa kutokea, ikazidi kukivunja kutoka ndani. Kikipasuka, asidi humwagika kwa pamoja na nyama ya jirani huvimba. Ndiyo maana sahani za kuunganishia mifupa ya uso zilizotengenezwa kwa polima nzito ya laktiki zimewahi kuleta uvimbe miaka 3 na zaidi baada ya upasuaji: ni vipande vikubwa, vimefukiwa ndani, na vinavunjika polepole mno. Chembe za unga wa fizi ziko upande mwingine kabisa. Ni ndogo kuliko unga wa posho (wa ugali), zina uzito wa miligramu chache kwa jumla, asidi yake hutoka kidogo kidogo na kusombwa na majimaji. Mwili hujibu kwa chembe walaji kuja kusafisha, ufizi ukawa mwekundu kidogo kwa siku chache, basi.

Na polima za jamii hii si ngeni katika miili ya watu wa Uganda. Nyuzi za kushonea zinazoyeyuka zenyewe, za asidi glikoliki na laktiki, zimetumika duniani tangu miaka ya 1970, na akina mama wengi waliojifungua kwa upasuaji wameshonwa kwa nyuzi hizo. Uzi mmoja wa namna hiyo una polima nyingi kuliko dozi ya mfuko wa fizi. Hofu ya saratani haina msingi kwa vitu hivi.

Tahadhari ninayoitilia mkazo kwenye unga ni ya dawa, si ya ganda. Minosaiklini na doksisaiklini ni za ukoo wa tetrasaiklini. Hazitolewi kwa mjamzito, mama anayenyonyesha, wala mtoto wa chini ya miaka 8, kwa sababu hukaa kwenye meno yanayokua na kuyabadilisha rangi. Kama umewahi kupewa vidonge vya doksisaiklini kwa ugonjwa wowote ukatokwa na vipele, useme. Ukiona utando mweupe mdomoni baada ya kuwekewa, unaofutika na kuacha wekundu, ni fangasi, na mwenye kisukari huupata upesi zaidi. Inatibika, ila usiufiche.

Jambo jingine ni joto. Polima hii huanza kuvunjika pale inapokutana na unyevu, hata ikiwa bado dukani. Unga wa minosaiklini unapaswa kukaa kwenye nyuzi joto 20 hadi 25, na kwa muda mfupi tu kati ya 15 na 30. Kifurushi kinachosafiri kutoka Kampala kwenye buti ya gari mchana wa jua hupita hapo mbali. Polima ikikaribia nyuzi 45 hulainika, chembe zikagandana, na dawa ikatoka yote kwa mara moja badala ya siku 14. Kwa hiyo kabla ya kuwekewa, omba uone kifuko kikifunguliwa mbele yako. Kiwe hakijatobolewa, tarehe ya mwisho isomeke, na unga usiwe umegandana. Kwa chipu, kipande kiwe kikavu na kigumu. Kikiwa laini au kimejikunja, kimeshaingia unyevu. Daktari mzuri hatakasirika ukiomba. Unaweza pia kuuliza Mamlaka ya Kitaifa ya Dawa, NDA, kama bidhaa hiyo imesajiliwa Uganda, na leseni ya daktari huthibitishwa na Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno. Ukipata mzio au madhara makubwa, NDA hupokea taarifa hizo pia, na jina la dawa lililo kwenye kifuko ndilo watakalolihitaji kwanza.

Kuhusu jelatini: hutengenezwa kwa ngozi na mifupa ya wanyama, na chanzo hutegemea kiwanda. Muombe daktari karatasi ya maelezo iliyomo kwenye pakiti, au amwandikie msambazaji kumuuliza mnyama gani ametumika, kisha uende kwa sheikh wako na jibu hilo mkononi. Ukitaka kuepuka kabisa, unga na gel nilivyovieleza havitegemei jelatini kama mwili wa dawa. Swali lako ni halali kuulizwa na daktari hapaswi kulichukulia dogo.

Sasa, je, ulipie unga baada ya miezi 3? Jopo la Chama cha Madaktari wa Meno cha Marekani lilipopitia ushahidi mwaka 2015, lilikuta kwamba chipu ikiongezwa juu ya kusafisha mizizi huleta nafuu ya ziada ya wastani wa milimita 0.4 katika mshiko wa ufizi kwenye jino, na unga wa minosaiklini kama milimita 0.24. Ni nafuu, ila ni ndogo. Maoni yangu ni kwamba pesa ya kwanza iende kwenye kusafisha mizizi kikamilifu na kurudia palipobaki, pesa ya pili iende kwenye kisukari, na dawa ya mfukoni ije mwisho, kwa mfuko mmoja mmoja uliogoma. Mtu akikuambia atakuwekea unga kwenye meno kumi na mawili bila kukwangua kwanza, kataa. Kutibu fizi kwa bidii hushusha kipimo cha sukari cha miezi 3, kile cha HbA1c, kwa takriban pointi 0.4, na sukari ikishuka fizi nazo hupona haraka. Fanya kipimo hicho kabla ya miadi yako na uende na majibu.

Siku ya miadi mwombe daktari apime sehemu 6 kuzunguka kila jino lenye shida na aandike namba kwenye kadi, kandoni aandike kama palitoka damu. Mfuko wa 6 ulioshuka hadi 4 bila damu hauhitaji unga wala chipu, unahitaji mswaki na brashi ndogo ya katikati ya meno kila jioni. Uliobaki 5 wenye damu usafishwe tena, na hapo dawa ya mfukoni ina maana. Uliobaki 6 au 7 baada ya kusafishwa mara ya pili, dawa yoyote ya kuyeyuka itakuwa inapoteza muda wako. Pengine ugaga umejificha kwenye uma wa mizizi ya gego, na unahitaji ufizi kufunguliwa kwa upasuaji mdogo ili mzizi uonekane. Kliniki isipofanya hivyo, omba barua ya kwenda idara ya meno ya hospitali ya Mulago, Kampala.

Ukiamua kuwekewa unga, siku hiyo usipige mswaki sehemu ile kwa saa 12. Kwa wiki moja tafuna upande wa pili, na uache mukene mkavu, mahindi ya kuchoma, muwa, karanga na simsim ya sukari. Brashi ya katikati ya meno na uzi visipite pale kwa siku 10. Andika tarehe hizo kwenye kadi kabla hujatoka kitini, pamoja na jina la dawa na namba ya pakiti.